Nyumba Isiyo na Pumu

Ofisini kwetu, ukutani juu ya meza ya Mkuu, kuna karatasi kubwa yenye mistari ya rangi. Kila mstari ni nchi, na urefu wake unaonesha ni watoto wangapi katika kila mia wana pumu. Kuna nchi ambazo mistari yao imepanda mpaka inakaribia dari. Mstari wetu ni mfupi, umekaa pale chini kimya kama mtoto asiyetaka kupigwa picha. Mkuu anaupenda mno. Mtu yeyote akiingia, hata aliyekuja kutengeneza feni, lazima aoneshwe. "Unaona? Wenzetu wote hao wanahangaika. Sisi tunapumua."

Mimi ni mmoja wa walioufupisha mstari ule. Tuko makarani sita, na mimi ndiye mwenye fomu nyingi kuliko wote, sioni haya kulisema. Kazi yetu ni kubisha hodi nyumba hadi nyumba na kuuliza maswali kumi na nane kuhusu mtoto mmoja wa kila nyumba. Maswali ni yaleyale katika nchi zote ili majibu yalinganishwe. Huongezi neno, hupunguzi neno. La saba ndilo lenyewe: Katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, mtoto huyu amewahi kubanwa na kifua au kutoa sauti ya mluzi anapopumua? Mpaka wiki ile ninayotaka kuisimulia, nilikuwa nimeuliza nyumba mia mbili na kumi na nne. Zilizosema ndiyo ni tatu.

Nieleze kwanza tunavyouliza, maana mambo yote yameanzia hapo. Karani wetu hasimami mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Anakaribishwa sebuleni, na akishakaa hawezi kuanza kunong'ona na mama wa mtoto peke yao, itaonekana ni utovu wa adabu. Wakubwa wa nyumba wanaitwa: bibi, babu, shangazi aliyekuja kutembea. Mtoto anasimamishwa katikati. Swali linasomwa kwa sauti, wote wanamtazama mama, na mama anajibu, "Hapana, huyu mzima kabisa." Wakubwa wanatikisa vichwa kukubali, mimi naweka alama, tunaagana vizuri. Miezi minane nimefanya hivyo na nikajiona karani bora.

Sasa nyumbani kwangu. Naishi na baba yangu na binti yangu wa miaka tisa, kwa sababu mume wangu ni dereva wa lori na nyumba anaiona mara mbili kwa mwezi. Binti yangu tunamwita Redio. Anaamka anaongea, anaoga anaongea, anaongea huku mswaki uko mdomoni. Baba ni fundi wa makochi. Karakana yake ni chumba cha uani chenye dirisha moja la kioo linalotazama kibaraza, na humo ndani watu wanamletea makochi yaliyochoka ayavue nguo, ayatoe matumbo, ayavishe upya.

Kila Jumamosi asubuhi Baba na Redio walikuwa na kazi yao, na ole wako uwaingilie. Baba alilaza kochi kifudifudi, akachana kitambaa cha chini kwa kisu, na Redio akaingiza mkono ndani kutafuta vilivyozama. Hujui kochi la watu linameza nini mpaka uone. Vifungo, vitana, kalamu, vijiko, jino la bandia mara moja. Vyote vya kuokota vilikuwa mali ya Redio, anaviweka kwenye kopo la rangi lililooshwa. Babu mtu alikuwa hakimu: hiki hazina, hiki takataka. Wangeweza kubishana nusu saa nzima juu ya kitufe.

Na vumbi, jamani. Vumbi la miaka kumi ya makalio ya watu, linapanda mpaka huwaoni wenyewe, unasikia vicheko tu.

Kila Jumamosi jioni Redio alikohoa. Jumapili kifua kilikuwa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Jumatatu alikataa kukimbia shuleni akisema viatu vinambana. Nisijifanye hamnazo: nilijua. Mtu anayeuliza swali la saba mara mia mbili na kumi na nne hawezi kusema hakujua. Lakini nilijua pia Baba alivyokuwa mwaka ule alipofariki mama yetu. Aliacha kazi, akaacha kunyoa, akawa anakaa kwenye kiti cha kibarazani akitazama miguu yake. Aliyemwinua ni mtoto wa miaka sita aliyeingiza mkono kwenye kochi na kupiga kelele, "Babu, nimepata kijiko!" Sasa nimwambie nini mtu huyo? Kwamba saa yake nzuri kuliko zote ndiyo inayomziba pumzi mjukuu wake? Nilisema mtoto ana kifua chepesi tu. Nikanunua dawa ya kikohozi, nikakausha.

Ndipo mdogo wangu, anayefanya kazi nchi ya mbali yenye baridi, akatuletea binti yake wa miaka kumi akae nasi wiki tatu. Kwao shule zimefunga, kwetu zimefunguliwa. Redio alimpa jina la Mgeni kabla hajavua viatu. Mtoto ana adabu, Kiswahili chake safi kama cha kitabuni, na kiunoni ana kijimkoba asichokivua hata akienda chooni.

"Una nini humo?" Baba alimuuliza siku ya kwanza, tukiwa kwenye chai.

"Pampu yangu, Babu. Nina pumu." Alisema vilevile kama mtu anayesema nina kaka wawili. Akaitoa akaionesha: pampu ndogo ya bluu, na chupa ya plastiki ya kuipachika.

Baba aliweka kikombe chini. "Pole sana mjukuu wangu."

"Mbona pole, Babu? Darasani kwetu tuko watano."

"Watano! Kati ya wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Hiyo ni shule au wodi?"

"Shule. Na mimi ni winga kwenye timu ya mpira." Akatueleza kwamba karibu na mlango wa darasa kuna sanduku lenye pampu za watoto, kila moja na jina lake, na ukutani kuna picha za kufundisha kila mtu la kufanya mwenzake akibanwa. Baba alisikiliza huku akisikitika mpaka nikamwonea huruma. Akamhakikishia kwamba hewa ya kwetu itamtibu, kwamba katika nyumba hii hatujawahi kuwa na kitu kama hicho, akaniomba mimi mtaalamu nithibitishe. Nikathibitisha. Nikamweleza hata ile karatasi ya ukutani. Kisha Baba akainuka akasema anakwenda kukagua mbao, kama anavyofanya kila siku baada ya chai, akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu.

Siku ya nne Mgeni alinifuata jikoni. "Mama Mkubwa, Redio naye anayo. Usiku nalala naye, namsikia. Analia kifuani kama mimi nikisahau dawa."

"Ni kifua chepesi tu."

"Kwetu kinaitwa pumu," akasema kwa upole. "Kwani huku kikiitwa chepesi kinapona?"

Nikamwambia akamwite mwenzake waje kuosha vyombo. Mtu mzima akishindwa kujibu hugawa kazi.

Wiki hiyohiyo mtaa wetu ukaingia kwenye orodha ya utafiti, na nyumba yetu ikachaguliwa. Karani haruhusiwi kuhoji nyumba yake, kwa hiyo akaja mwenzangu, mama mnene mcheshi tunayemwita Kalamu Nne kwa sababu haamini kalamu tatu. Alikaa kwenye kochi bora la Baba, akalisifu, Baba akavimba kichwa. Redio akasimama katikati. Mgeni akakaa pembeni yangu na kijimkoba chake. Watoto ambao jibu lao lingekuwa ndiyo, utafiti ungewalipia kuonwa na daktari wa vifua, kila karani anajua hilo. Mimi nilikuwa nalijua kuliko Kalamu Nne mwenyewe.

Akasoma la saba, neno kwa neno, nami nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi linavyosikika ukiwa upande huu wa fomu. Nilimtazama Baba. Alikuwa amemwekea Redio mkono begani, anamtazama kama mtu anayesubiri mtoto wake atajwe wa kwanza darasani.

"Hapana," nikasema. "Huyu mzima kabisa."

"Lakini Mama Mkub..." Mgeni akaanza, nikamfinya. Naandika hili nikiwa na aibu. Redio mwenyewe alitazama sakafu, na Redio hatazami sakafu. Kalamu Nne akaweka alama, akabadilisha kalamu, akaendelea na la nane.

Jumamosi lililetwa kochi la watu watatu kutoka nyumba moja ya wageni, lililokaa stoo miaka sijui mingapi. Nilikuwa uani naanika nguo. Mgeni alikuwa kibarazani, maana vumbi la karakana alilikataa tangu siku ya kwanza, kwa adabu, na Baba akasema ni mambo ya watoto wa kizungu. Nilisikia kitambaa kikichanwa, nikasikia Redio akitangaza: kitufe, kitufe kingine, kichana, Babu hiki nini, Babu angalia, Babu...

Kisha Redio ikazimika.

Ukiishi na mtoto yule, kimya ndicho kinachokutisha. Niliacha nguo chini nikakimbia. Nilimkuta ameinama, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya shingoni inaingia ndani kila anapovuta hewa. Macho yamemtoka. Baba amepiga magoti mbele yake, amemshika mashavu, anasema, "Ongea, mjukuu wangu. Ongea kidogo tu."

Mgeni alinipita. "Mtoeni nje! Asilale, mkalisheni wima!" Mtoto wa miaka kumi anatuamrisha watu wazima wawili, nasi tunatii. Tukamkalisha kibarazani. Mgeni akatikisa pampu, akaipachika kwenye chupa, akamwekea Redio mdomoni. "Nabonyeza. Sasa vuta polepole. Moja. Mbili. Usikimbie, hakuna anayekufukuza. Tatu." Akahesabu mpaka sita, akasubiri kidogo, akabonyeza tena, akahesabu tena. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa binti yangu, sijui kwa nini mguu. Sikuwa na kazi nyingine duniani. Nilimpenda mtoto yule wa mdogo wangu kwa namna nisiyoweza kuieleza, na nikakumbuka nilivyomfinya.

Sijui alihesabu sita ngapi. Mwishowe mabega yakatulia, na Redio akasema kwa sauti ndogo, "Babu, kile kichana ni hazina au takataka?"

Baba alikuwa analia waziwazi, mikono imejaa vumbi, hata kujifuta hawezi.

Tulikwenda zahanati palepale, wote wanne. Muuguzi alikuwa mwanamke mkavu asiyependa hadithi. Alimsikiliza Redio kifua mbele na nyuma, akauliza ameanza lini, nikamwambia kweli yote, miaka mitatu. Akaniangalia juu ya miwani yake, na mtazamo ule nilistahili. Akasema hii ni pumu, ina dawa, mtoto atapewa pampu yake ya bluu na nyingine ya kila siku, na ataweza kukimbia atakavyo. Kisha akainua kalamu.

"Nyumbani kuna vumbi?"

Nilifungua mdomo. Walahi neno hapana lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi, kwa mazoea tu.

"Lipo," Baba akasema. "Ni langu."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Kalamu Nne kabla sijakaa. Fomu ikishajazwa haifutwi. Jibu linakatwa kwa mstari mmoja, jipya linaandikwa pembeni, na sahihi inawekwa. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa kalamu ya tatu, akakata, akaandika. "Dada," akasema, "unadhani ni nyumba yako tu?"

Siku hiyo nilianza kufanya kazi kwa namna nyingine. Sikubadilisha neno hata moja la swali. Nilikaribishwa sebuleni, nikawaamkia wakubwa, nikanywa maji niliyopewa, kisha nikamwambia mama wa mtoto, "Nioneshe anapolala." Mle chumbani, tukiwa wawili tumesimama kando ya kitanda, ndimo nilimosoma la saba. Mama wa kwanza alifunga mlango kabla ya kujibu. Alisema mama mkwe ameshamwambia mara mbili kwamba vifua vibovu vimeletwa na ukoo wake. Wa pili alisema mume hajui. Wa tatu alitoa pampu chini ya godoro, imefungwa kwenye soksi. Katika nyumba ishirini za wiki ile, ndiyo zilikuwa tano.

Mkuu aliniita. Alikuwa ameshika fomu zangu kama mtu aliyeletewa barua ya msiba. "Kumezuka nini huko mtaani?"

"Hakujazuka kitu. Nimehama sebule."

Nikamweleza. Sikumwambia kwamba nchi zote ni sawa, sijui, na huenda kweli wengine wameumia kutuzidi. Nilimwambia tu kwamba mstari wetu umepimwa mbele ya mama wakwe. Hakunifukuza. Alisema nimwandikie hayo yote kwenye ukurasa mmoja, na mtu aliyeingia baada yangu hakuoneshwa kitu.

Lakini mimi mawazo yangu yalikuwa nyumbani. Redio alikuwa na pampu yake, akakimbia hadi mwisho wa mtaa na kurudi akishindana na Mgeni, akashindwa, akadai ameibiwa. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichonitia hofu ni Baba. Tangu zahanati alikuwa amefunga mlango wa karakana na kusema, "Basi, yamekwisha." Alirudi kwenye kile kiti cha kibarazani. Alhamisi sikumwona akinyoa. Redio alipitapita mbele yake na kopo lake, akilitikisa liseme. Baba alimpapasa kichwa na kumwambia akacheze mbali na nguo zake, zina vumbi. Ijumaa Redio aliniambia kwamba pampu anaweza kuirudisha kama ndiyo imemkasirisha Babu. Nilijikaza nisilie mbele yake, sikuweza.

Jumamosi niliamshwa na kitambaa kikichanwa.

Nilitoka mbio nikiwa tayari kwa ugomvi. Mlango wa karakana umefungwa, na chini umezibwa kwa gunia lililolowanishwa. Dirisha la kioo limefungwa pia, limesafishwa mpaka linang'aa, nje na ndani. Baba yuko ndani, amenyoa, amejifunga kitambaa cha maji puani na mdomoni. Nje, kibarazani, ameweka viti viwili vya watoto vinavyolitazama dirisha, na beseni la maji ya sabuni. Redio na Mgeni wameshakaa.

Baba akaingiza mkono kwenye kochi, akatoa kitu, akakiweka kwenye kioo.

"Takataka!" Mgeni akasema.

"Wewe hujui kitu, hiyo ni hazina! Babu, hazina!" Redio alisimama juu ya kiti. Baba ndani akatikisa kichwa, akafikiri, akainua kidole gumba. Hazina ikatupwa kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni yake, ije kuoshwa. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi nikawatazama. Kioo kilikuwa katikati yao na makelele yalikuwa yaleyale.

Walikuwa kwenye kitu cha sita au cha saba Redio aliponyamaza. Nikamtazama haraka, lakini mzima, anapumua vizuri. Alikuwa amesogeza uso mpaka pua imegusa kioo. Muuguzi alikuwa amemfundisha la kutazama.

"Mama," akasema, "mabega ya Babu."

Nikatazama. Yalikuwa yanapanda na kushuka. Na mimi, karani bora, nikawaza zile mbao zote alizozikagua nyuma ya nyumba tangu nilipokuwa mdogo, kila siku, peke yake.

Redio aligonga kioo. "Babu, toka!" Baba akapunga mkono kwamba si kitu. "Babu, toka, nitakuhesabia!"

Alitoka. Alijaribu kuelekea nyuma ya nyumba, Redio akamshika shati, akamkalisha kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Mgeni akampangusa vumbi usoni kwa kitambaa cha maji. Pampu ya mtoto nilimkataza Redio kumpa, nikasema ya Babu tutaifuata zahanati sasa hivi, na Baba hakubisha. Redio akasimama mbele yake, mikono juu ya mabega yale makubwa. "Vuta polepole. Moja. Mbili. Usikimbie Babu, hakuna anayekufukuza."

Muuguzi yuleyule alikuwa zamu. Alimsikiliza Baba mgongoni, mbele, tena mgongoni, akavuta karatasi. "Tatizo hili limeanza lini, Mzee?"

Fomu zangu zinaishia kwa watoto wa miaka kumi na minne. Baba ana sitini na nane. Alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akamwekea Redio mkono kichwani.

"Nikiwa na umri wa huyu," akasema. "Mama yangu aliulizwa, akasema hapana."